Maji ya Kifuu: Maisha ya Karl Fischer, Aliyeyapima Maji Yasiyoonekana

Wahenga wetu walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapotaka kumkumbusha mwenye nacho kuwa kidogo chake yeye ni kingi kwa mwenziwe. Leo, wasomaji wapenzi, tutaichukua kwa maana yake ya wazi kabisa: maji machache mno, yasiyofikia hata tone, na namna yalivyokuwa bahari kwa mtu mmoja aliyeitwa Karl Fischer. Mtu huyo alifariki mwaka 1958, lakini jina lake hutajwa kila siku ya kazi katika maabara za dunia nzima.

Kabla ya kufika kwao Ujerumani, natupitie kwanza Kitale na Bungoma.

Atokaye Mombasa akafika Kitale mwezi wa Novemba atadhani mji umegeuka uwanja mmoja wa kuanikia. Mlima Elgon uko upande huu, vilima vya Cherang'any upande ule, na katikati yake ni mahindi: juu ya maturubali, kando ya njia, mbele ya maduka, nyuma ya nyumba. Ukiteremka Bungoma ni hayo hayo, ila huko mavuno hutangulia kidogo. Wenyeji huishi macho yakiwa mbinguni. Wingu likitanda, wakubwa kwa wadogo hukimbilia kuanua, kama sisi wa pwani tukimbiliavyo kuanua mbata na ng'onda.

Mahindi yakiisha kuanuliwa huja swali lisilokwisha ubishi: je, yamekauka? Mzee mmoja hutia punje menoni akaiuma. Ikivunjika kwa mlio, husema yamekauka. Mwingine hutumbukiza mkono guniani, akaridhika ukipenya bila kukwama. Wa tatu hutwaa chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akaifunga na kuitikisa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji; ikibaki huru, mambo ni mazuri. Jaribio hili la chumvi ni la kweli, na sisi tunalifahamu vyema, kwani nani wa pwani asiyejua jinsi chumvi ilowavyo kibakulini siku za masika hali hakuna aliyeitia maji? Lakini chumvi hutenganisha tu mahindi yaliyopita asilimia 15 hivi na yasiyofika hapo. Haiwezi kuitambua 14 na 13.

Na ghalani ndiko kwenye neno. Kipimo cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuuzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Karani huchota punje kwa chombo chake, akazimimina ndani ya mashine ndogo ya umeme, na tarakimu zikatokea. Mkulima aliyeuma punje na kuridhika huambiwa mzigo wake una 18, aurudishe juani.

Si ubishi wa tarakimu tupu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 lina maji kilo 16 na zaidi. Likaushwe hadi 13.5, uzito wake utakuwa kilo 85.3 hivi. Kilo 4.7 zilizotoweka zilikuwa maji matupu. Katika magunia 100, hizo ni kilo 470, yaani magunia matano na ushei. Mnunuzi akiyalipia, amenunua maji kwa bei ya nafaka. Na mkulima akikatwa kwa maji yasiyokuwamo, ameporwa magunia matano mchana kweupe.

Sisi tuliosomeshwa chuoni tukingali wadogo twaijua Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Mwenye pishi iliyobonyezwa au mizani iliyopindwa aweza kukamatwa, kwa sababu udhalimu wake huonekana. Lakini maji yaliyojificha ndani ya punje, nani atayapima kwa haki? Na mashine ya karani, nani ataipima mashine yenyewe?

KIJANA WA LEIPZIG

Karl Fischer alizaliwa Ujerumani mwaka 1901, mwaka ule ule ambao reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Alikuwa na miaka 13 ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, na miaka 17 ilipokwisha, nchi yake ikiwa imeshindwa. Kizazi chake kilikulia katika uhaba. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka thamani hata mkate mmoja ukauzwa kwa mabilioni. Katika zama hizo za dhiki yeye alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, chuo cha kale kilichoasisiwa mwaka 1409.

Hapa nasimama kidogo kusema kwamba elimu hii si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Jina lake lenyewe, kemia, limepitia katika Kiarabu, al-kimiya, na alkoholi nayo imetokana na al-kuhl, yaani wanja. Wazungu waliipokea elimu hiyo mikononi mwa Waislamu, wakaiendeleza. Alipoingia Fischer katika maabara ya Leipzig, aliingia katika nyumba ambayo msingi wake ulikuwa na mawe ya Baghdad.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kazi ya mafuta. Aliajiriwa katika kampuni iliyojengwa juu ya ugunduzi wa Mromania mmoja, Lazăr Edeleanu. Ili tuufahamu ugunduzi huo, tuzikumbuke taa za chemli za mabibi zetu. Mafuta yakiwa mabaya, taa hutoa moshi, na kioo kikawa cheusi kabla ya sala ya Isha. Moshi huo hutokana na sehemu fulani tu ya mafuta. Edeleanu, mwanzoni mwa karne ya 20, alivumbua namna ya kuiondoa sehemu hiyo. Alitumia gesi ya salfa daioksidi, ile inayotuchoma pua tuwashapo kiberiti. Gesi hiyo ikipozwa na kukandamizwa huwa kiowevu, na kiowevu hicho kikichanganywa na mafuta ya taa huivuta ile sehemu yenye moshi na kuyaacha mafuta safi. Sisi tuliokijua kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, hatuhitaji kuambiwa kwamba mafuta hayachimbwi yakiwa tayari kutiwa taani.

Lakini kiowevu hicho kilikuwa na adui wake, naye ni maji. Salfa daioksidi ikiwa kavu, chuma huivumilia. Yakiingia maji, hata yakiwa kidogo mno, hugeuka asidi ikala mabomba na matangi kama kutu ilavyo misumari ya jahazi. Kwa hiyo ilikuwa lazima kujua: humu mna maji kiasi gani? Si ndoo wala kikombe, bali sehemu moja katika elfu, au chini ya hapo. Hilo ndilo swali lililowekwa mbele ya Fischer.

TONE KWA TONE

Mtu aweza kuuliza: si kitu kipimwe uzito, kikaushwe, kisha kipimwe tena? Njia hiyo ni ya kale na ina manufaa yake, lakini ina udhaifu mkubwa. Tazama karafuu. Ukizitia katika tanuri la moto, uzito utapungua, lakini kilichoondoka si maji peke yake. Mafuta yake yenye harufu nayo yameruka hewani. Moto hauchagui, huondoa maji na visivyo maji kwa pamoja. Na kwa kiowevu kama petroli au spiriti, ambacho chenyewe huruka hewani kabla ya maji, tanuri halifai kabisa. Fischer alihitaji kitu kitakachoyakamata maji na kuviacha vingine vyote.

Alikipata katika kazi ya mtu aliyemtangulia. Robert Bunsen, mkemia mkubwa wa Kijerumani aliyeishi kuanzia mwaka 1811 hadi 1899, alitumia mwaka 1853 njia ya kupima iliyohusu aidini na salfa daioksidi. Vitu hivyo viwili huingiliana yakiwapo maji, na katika kuingiliana kwao maji hutumika. Bunsen hakukusudia kupima maji. Fischer ndiye aliyeigeuza hesabu. Alifikiri kwamba ikiwa vitu hivi haviwezi kushikana bila maji, basi kiasi cha aidini kitakachopotea kitatoa habari ya maji yaliyokuwamo.

Aidini ni ile dawa ya rangi ya kahawia tunayopaka majerahani. Iligunduliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811 katika majivu ya mwani, na mwani ni mmea ambao akina mama wa Unguja, Pemba na pwani ya kusini ya Kenya huulima na kuuanika. Fischer aliichanganya aidini hiyo na salfa daioksidi, akaongeza methanoli, yaani ile spiriti yenye sumu, na piridini, kiowevu chenye uvundo mkali kinachoizima asidi isiyumbishe kazi.

Matumizi yake ni mepesi kuyaeleza. Kitu kinachopimwa hutiwa ndani ya chombo kilichozibwa. Juu yake husimama mrija wa kioo wenye alama za vipimo, na kutoka humo dawa ya Fischer hudondoshwa tone kwa tone. Tone likiangukia penye maji, rangi ya kahawia hufifia ikawa manjano, kwa kuwa aidini imekwisha kutumika. La pili hufifia, la tatu hufifia. Kisha huja tone ambalo rangi yake hubaki. Hapo maji yamekwisha. Mpimaji hufunga mrija, akasoma kiasi cha dawa kilichotumika, akapiga hesabu. Chombo huzibwa kwa sababu hewa yenyewe ina maji. Hewa yetu ya Mombasa ikipewa nafasi itaiharibu kazi hiyo katika dakika chache.

Fischer alitangaza njia yake mwaka 1935 katika jarida la wakemia wa Ujerumani. Makala yake yalijaza kurasa tatu tu. Kichwa chake kilisema ni njia mpya ya kupima maji katika viowevu na vitu vigumu, maneno makavu kama ya tangazo la serikali. Waandishi wengi wamejaza majuzuu wasiache athari hiyo.

KOSA LA BWANA FISCHER

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, pana funzo kubwa kuliko ugunduzi wenyewe. Katika hesabu yake, Fischer alikosea.

Alimfuata Bunsen akaamini kwamba kila chembe moja ya aidini huchukua chembe mbili za maji. Mwaka 1939 wakemia watatu wa Marekani, Smith, Bryant na Mitchell, walionyesha kwamba ndani ya methanoli mambo sivyo: chembe moja ya aidini huchukua chembe moja ya maji. Maelezo ya Fischer yalikuwa na kasoro ya nusu kwa nusu. Msomaji atadhani kwamba mizani yake ilivunjika siku hiyo.

Haikuvunjika. Kwa nini? Kwa sababu katika njia hii dawa haiaminiwi kwa maelezo. Kabla ya kupima kisichojulikana, hupimwa kwanza kwa kinachojulikana: hutwaliwa maji ambayo uzito wake umehakikishwa, yakadondoshewa dawa, ikaonekana kipimo kimoja cha dawa kinalingana na maji kiasi gani. Ndipo huendewa mafuta, au spiriti, au nafaka. Dawa ile ya zamani ilikuwa na tabia ya kupungua nguvu kila siku, hivyo jana si hoja, leo ni lazima ipimwe upya. Nadharia ilikosea, kipimo kikabaki cha kweli, kwa kuwa kilikuwa kimepimwa chenyewe kabla ya kupima vya watu.

Fischer alifariki mwaka 1958. Kazi yake iliendelea kukua. Mwaka mmoja baadaye ilitolewa njia ya kuitengeneza aidini kwa umeme ndani ya chombo chenyewe, ikawezekana kupima maji yaliyo sehemu chache tu katika milioni. Uvundo wa piridini, uliowasumbua wapimaji kwa miaka 40 na zaidi, ulipatiwa dawa mwaka 1980, Eugen Scholz wa Ujerumani alipotangaza mchanganyiko usio na piridini. Siku hizi sindano mbili za madini hutambua mwisho wa maji badala ya jicho. Lakini msingi ni ule ule wa mwaka 1935, na jina ni lile lile.

KURUDI KITALE NA BUNGOMA

Je, karani wa ghala la Kitale hutumia dawa ya Fischer? La. Mashine yake hupima jinsi punje zinavyopokea umeme, kwa kuwa punje yenye maji hupokea umeme tofauti na iliyokauka. Lakini mashine hiyo haizaliwi ikijua asilimia 13.5 ni nini. Lazima ifundishwe kwa mahindi ambayo maji yake yamepimwa maabara, kwa kawaida kwa tanuri. Na tanuri nalo, kama tulivyoona kwa karafuu, lahitaji shahidi wa kulihakiki. Mwaka 1957, Fischer akiwa yu hai bado, watafiti wawili wa Marekani, Hart na Neustadt, walitangaza namna ya kupima maji ya nafaka kwa dawa yake, ili joto na muda wa tanuri vipatanishwe na maji ya kweli. Hivyo ndivyo mnyororo ulivyo: mashine humtazama tanuri, na tanuri humtazama Fischer.

Mnyororo huo una uzito wake hapo Kitale, mji wa mbegu. Kenya Seed Company ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 ilitolewa kutoka Kitale mbegu chotara ya 611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Mbegu ni uhai uliolala. Maji yakiizidi, hushindwa kulala vyema, ikachakaa na kufa ghalani kabla ya kufika shambani.

Bungoma nayo iko juu ya barabara kuu. Malori yatokayo bandari ya Mombasa hupita Webuye na Bungoma yakielekea Malaba na Uganda. Ndani ya breki za malori na magari mengi mna kiowevu ambacho, kama chumvi yetu, hunywa maji ya hewani kidogo kidogo. Aina moja inayotumika sana ikiwa mpya yatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikisha kunywa maji ya asilimia 3.7, kinachotarajiwa kwake ni nyuzi 140 tu. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko, kiowevu kilicholowa huchemka, kikatoa povu, na mguu ukazama patupu. Maji ya kijiko kimoja hutosha kuleta msiba. Kuyapima maji hayo ndani ya kiowevu kama hicho ndiyo kazi hasa ya dawa ya Fischer.

Na msiba wa mahindi mabichi tunao katika kumbukumbu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu lenye sumu ya aflatoksini. Mahindi yale yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani wala haina ladha, na kupika hakuimalizi. Walioifinyanga sima hiyo waliwafinyangia watoto wao kwa mapenzi.

Kwa hiyo mkulima wa Kitale au Bungoma anayeambiwa mahindi yake yana 18 ana wajibu na ana haki. Wajibu wake ni kutoikasirikia tarakimu, kwa kuwa huenda inayaokoa maisha ya mlaji aliye Lamu au Kwale, asiyemjua wala hatamjua. Haki yake ni kuuliza kwa adabu: mashine hii ilipimwa lini, na kwa kipimo gani? Mizani ya dukani hukaguliwa na kugongwa muhuri. Mashine ya unyevu, inayoweza kumpokonya mtu magunia matano katika mia, haistahili kuaminiwa kwa sababu tu ina taa na tarakimu. Na karani mwema hataudhika kwa swali hilo. Dawa ya Fischer mwenyewe haikuwahi kusamehewa kuulizwa.

Huyo ndiye Karl Fischer. Hakushinda vita wala hakutawala nchi. Alipewa swali la maji machache ndani ya mabomba ya kiwanda, akalijibu kwa kurasa tatu, na ndani ya jibu lake mlikuwa na kosa. Walakini njia aliyoiacha ilikuwa na uadilifu unaopita elimu ya mwenyewe, kwani hulazimisha kila apimaye akipime kwanza kipimo chake. Chungu alikiona kifuu akasema ni bahari, nasi tukamcheka. Kumbe kuna maji ya kifuu ambayo asiyeyajua kiasi chake huzama ndani yake.